Kura Sita za Dawati la Tatu

Siku yangu ya kwanza ya ukarani wa uchaguzi nilikabidhiwa chupa ya wino na kiti kisicho na mgongo, katika darasa moja huko Kabiria. Kazi yangu ilikuwa kupaka kidole cha kila aliyemaliza kupiga kura. Niliacha shule kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu, na siku za kawaida nilipiga deki ofisi za Upper Hill. Lakini mwandiko wangu ulisomeka, na enzi hizo hilo lilitosha.

Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alituambia, "Kila karatasi inafunguliwa, inasomwa kwa sauti, mawakala wanaonyeshwa, ndipo inawekwa." Mawakala ni watu wa vyama wanaoketi kulinda hesabu. Nilimfanyia kazi chaguzi mbili, nikahamishiwa katikati ya jiji, kisha mtaa wa Satellite. Nilipanda kutoka wino hadi daftari la wapiga kura, hadi kupanga kura za kuhesabiwa.

Satellite ndiko nilikoiona aibu. Wagombea ubunge walikuwa watatu: wawili wa vyama vikubwa, na muuguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye chama chake kidogo hakikuweza hata kuleta wakala. Nilikuwa nimejiandikisha kituo hicho hicho, na asubuhi nilimpigia yeye kura.

Tulipofunga milango, msimamizi wetu mpya alipanga madawati matatu. Mawili ya wakubwa; la tatu aliliita "la wengine". Hapo kura za muuguzi zilichanganywa na zilizokataliwa, yaani zenye alama mbili au zisizo na alama. Alisema tunaokoa muda, tutazitenganisha baadaye. Hakuzitenganisha. Kwenye fomu ya matokeo aliandika rundo zima katika mstari wa zilizokataliwa, na mbele ya jina la muuguzi akaandika sifuri.

"Afisa, hiyo si kweli," nikasema.

"Mama, umechoka?"

"Sijachoka. Huyu ana kura."

Wakala wa chama kimoja kikubwa akacheka. "Mathe, wacha twende home. Huyo hata bwanake hakumpigia!"

Mwenzake wa chama cha pili akaitikia, "Ukweli. Hizo hazibadilishi kitu."

Hao wawili waligombana tangu asubuhi, hata mahali pa kuweka kiti. Lakini kufuta watu, hapo walielewana.

"Hata zisipobadilisha," nikasema. "Mimi nimempigia leo. Unaniandikia sifuri nikiwa nimesimama mbele yako?"

Msimamizi akashusha sauti. "Mama, karani hasaini fomu. Ukitaka kuitwa tena, keti."

Sikuketi. Kupanga kura ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo nililifungua lile rundo, nikasoma karatasi moja moja kwa sauti na kuwaonyesha. Za muuguzi zilikuwa sita.

"Aii, kumbe ziko," akasema yule aliyecheka.

Msimamizi aliikata sifuri, akaandika sita, mawakala wakasaini pembeni. Uchaguzi uliofuata jina langu halikuwa kwenye orodha ya makarani. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Sasa nawasikia vijana mkisema kumpigia wa tatu ni kutupa kura. Nani aliwafundisha? Ni wale wale wenye madawati mawili. Najua hesabu yenu: mkimwacha mkubwa mmoja, yule mbaya zaidi ataingia. Huenda akaingia kweli. Lakini tangu lini kura ikawa kubeti mechi, kwamba usipompata mshindi umepoteza? Mnampa mtu msiyemtaka kura yenu, kisha miaka mitano mnalia kwamba hawasikilizi. Atawasikiliza kwa nini? Fomu inasema mlimtaka.

Uchaguzi uliopita nilipanga foleni kama raia mwingine na kumpigia mgombea wa chama kidogo. Watu waliniambia ningekaa nyumbani tu ningefanya la maana zaidi. Hakushinda, wala hakukaribia. Kesho yake nilirudi kituoni kuisoma fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni. Mbele ya jina lake paliandikwa nne. Watatu siwajui. Wa nne nilikuwa mimi, na nilikuwa nimehesabiwa.