Kamba za Joska

Joska Laker alisuka nywele sokoni Kalerwe kwa miaka kumi na moja, kwenye kigoda katikati ya wauza matoke. Mkono wake ulikuwa mkali. Mteja aliondoka nyusi zimepanda kama aliyeona jini, ila msuko ulikaa mwezi mzima.

Machi 1979, vita vikisogea kutoka Masaka, mumewe Tarcisio Onen alibaki fundi peke yake kwenye pampu ya maji Ggaba. Wenzake watatu walikuwa wamekimbia, na nani awalaumu? Serikali ilikuwa na medali za kujaza ndoo, lakini kamba ya kuzibia shingo ya pampu, pale shafti, chuma kinachozunguka, inapoingilia, ilikwisha tangu Krismasi. Maji yakawa yanaogesha dari badala ya kwenda mjini. Sajini aliyelinda mtambo akatoa amri: maji yafike hospitali na kambini Ijumaa, la sivyo Tarcisio ataingia kwenye buti ya gari.

Joska aliijua buti. Kaka yake, polisi, aliingizwa humo mwaka sabini na mbili. Iliyorudi ni kofia.

"Hebu nione hiyo kamba," alimwambia mumewe.

Tarcisio akampa kipande kilichoungua. Joska akakigeuzageuza. "Baba Akwero, hizi si nywele tu?"

Wakafumua magunia ya kahawa. Joska akasuka nyuzi nane nane, akazilowesha mafuta mazito ya mbegu za mti wa yaa aliyotumiwa na mama yake kutoka Gulu, yaliyochanganywa na makaa ya betri yaliyotwangwa. Betri zilizokufa hazikuwa shida. Kila nyumba ilisikiliza habari za vita redioni kwa siri.

Jumatano wakaifunga kamba kwenye shingo ya pampu. Halikutoka hata tone! Tarcisio akapiga makofi. Baada ya robo saa shafti ikafuka moshi.

"Umeibana kama kichwa cha bibi harusi," alilalamika.

"Wateja wangu hawazunguki hivyo."

Akasuka upya, akalegeza. Safari hii shingo ya pampu ikawa inadondosha tone moja moja, na tone hilo ndilo lililoipoza. Alhamisi nzima pampu ilivuta bila kuchoka.

Ijumaa Joska alikuwa amempelekea mumewe chakula sajini alipoingia, akayaona matone.

"Machine ya serikali nakojoa! Wewe naharibu makusudi?"

Joska akaweka kikapu chini. "Afande, hata wewe usipokojoa siku mbili tutakukimbiza hospitali."

Sajini hakucheka. Alichukua spana, akakaza nati mwenyewe. Tone likakoma. Akamtazama Tarcisio kwa jicho la buti.

"Basi weka mkono hapo, afande," Joska alisema. "Usiutoe."

Akauweka, kwa kiburi. Haukupita muda harufu ya yaa inayoungua ikajaa chumba, na afande akauchomoa mkono kama mwizi wa nyama sufuriani.

"Legeza! Legeza!"

Tarcisio akalegeza. Tone likarudi. Sajini akapuliza vidole, akainua simu, akaripoti kambini: "Maji iko." Kuhusu mkono hakuripoti.

Joska akarudi Kalerwe, kwa mteja aliyekuwa ameachwa nusu kichwa tangu asubuhi. Jioni gari la jeshi likasimama mbele ya kigoda chake. Uzi ukamponyoka. Aliikodolea macho buti.

Mlango wa mbele ukafunguka. Tarcisio akashuka, kikapu mkononi.

"Wanataka kamba nyingine," alisema. "Na sajini anaomba mafuta ya kupaka mkono."