Korongo Aliyesahau Kusema

Masika yakishika Kariakoo, harufu inayotangulia ni ya maboksi yaliyolowa. Wenye maduka huyatupa mlangoni, wapita njia huyakanyaga mpaka yawe kama uji, na juu yake hupanda harufu ya dagaa, iliki na oili chafu ya gereji za mtaa wa Gerezani. Mwaka ambao mama yangu alipatwa na kiharusi, mvua zilikuwa kali. Bonde la Jangwani lilijaa maji, shule yetu ya ng'ambo ya bonde haikufikika, nami nikabaki ghorofani kutwa, mtoto wa darasa la tano, katika nyumba ambayo kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini. Mama alilazwa kitanda cha dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito, lakini kilichotuumiza zaidi ni maneno. Huyu alikuwa mwanamke aliyeuza kanga kwa kumsomea mteja jina la kila moja, kama anayeghani. Sasa akitaka maji aliomba "mlango", na mimi, Mwanaidi, binti yake wa pekee, aliniita "sufuria".

Aliyekuja kumuuguza ni Shangazi Rukia, dada yake baba, ambaye aliacha nyumba yake Kigamboni akahamia kwetu na mfuko mmoja wa nguo. Kila asubuhi alimkalisha Mama kwenye mito, akamwinulia kijiko mbele ya macho.

"Wifi, hiki nini?"

"Ki... kiatu."

"Kijiko. Sema tena. Haba na haba hujaza kibaba."

Mama alijaribu hadi jasho likamtoka puani. Mchana Shangazi akisinzia, nilishika zamu mimi. Nilimtajia kikombe, shuka, pazia, na jina langu. Niliamini kuwa Mama hakupotea, amekaa tu mahali fulani mbali, na kwamba nikimwita kwa bidii atarudi.

Chini yetu waliishi Wahindi waliouza vyombo vya jikoni, na binti yao, Hetal, alikuwa rika langu. Siku moja nilimkuta ngazini amekunja uso juu ya kitabu. Binamu yake aliyeishi ng'ambo alikuwa amemwachia boksi la manga, vitabu vya katuni vya Kijapani vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza. Hetal alikijua Kiingereza kuliko mimi, ila hadithi ilimshinda, kwa kuwa alikuwa ameanza na ukurasa wa mwisho.

"Haieleweki hii," alisema. "Wanaagana kabla hawajakutana."

Nilikichukua, nikakitazama, nikakigeuza. "Anzia huku, kulia. Kama juzuu."

Basi mtoto wa chuo cha Kurani akamwonyesha njia mtoto wa shule ya Kiingereza, naye akawa mkalimani wangu. Ngazi ile ilikuwa na tundu moja la mwanga, na hapo tulisoma masika yote. Ilikuwa hadithi ya msichana ambaye kaka yake amegeuzwa korongo na mfalme mchawi. Msichana anambeba kutoka nchi hadi nchi akitafuta chemchemi ya kumzindua. Mwanzoni korongo anasema kama mtu, hata utani anafanya. Kila kitabu kikiisha, neno moja limemtoka. Kulikuwa na kurasa ambazo hazikuwa na maandishi kabisa, mvua tu, na msichana na ndege wake, wadogo barabarani. Sikuwahi kuona kitabu kinachonyamaza namna ile. Jioni nilipanda navyo juu, nikamsimulia Mama kwa Kiswahili huku nikimwonyesha picha, naye alifuatisha kwa kidole cha mkono wa kushoto, akikiweka daima juu ya ndege.

Kitabu cha mwisho kilitukuta hatujajiandaa. Chemchemi inapatikana. Msichana anateka maji, anamwekea kaka yake, naye hanywi. Anamtazama dada yake kwa upole, kama mgeni amtazamavyo mwenyeji, kisha anaruka. Msichana anaketi matopeni. Ukurasa wa mwisho ni anga tupu.

Hetal alilia. Mimi nilikasirika. Katika hadithi zetu, aliyerogwa huzinduliwa, na mvumilivu hula mbivu. Nilipanda ngazi nikiwa nimeshaamua, na nilipofika kitandani nikamwambia Mama kwamba korongo alikunywa, akawa mtu, akamwita dada yake kwa jina.

Mama alitikisa kichwa. Alikivuta kitabu, akakifungua taratibu kwa mkono wake mzima mpaka kwenye lile anga. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji.

"Mwache," Mama alisema, na neno lilitoka zima. "Apumzike." Kisha akanigeukia. "Nimechoka, sufuria."

Nilitaka kumsahihisha. Nikaona macho yake.

"Abee, Mama," niliitika.

Shangazi aliweka bakuli chini, akatoka kwenda kusimama barazani. Masomo yakaishia hapo. Mama aliishi hadi nilipomaliza sekondari, nami niliitika jina lile mpaka siku yake ya mwisho.

Lisilo budi hutendwa. Nyumba yetu imebomolewa, limesimama jengo refu la maduka ya simu, na akina Hetal walihama zamani. Mimi nauza kanga alipouza Mama, na jioni narudi miguu imevimba. Mwaka huu nilivikuta vitabu vile tena, kwenye simu, na vijana wakibishana mtandaoni kama mwisho ule ni dhuluma au la. Nilivisoma tena polepole. Safari hii sikumtazama korongo. Nilimtazama yule msichana aliyeketi matopeni, viatu vimekwisha, na hakuna katika ile hadithi yote aliyemuuliza hali yake.

Ijumaa nikafunga duka mapema, nikavuka kwa pantoni Magogoni kwenda Kigamboni kwa Shangazi Rukia. Amezeeka, magoti hayampi nafasi. Baada ya shikamoo na marahaba tulikaa ukumbini.

"Shangazi, ule mwaka wa Mama, ulichoka?"

"Nilichoka, mwanangu. Nilichoka sana." Akavuta mto mmoja uliokuwa nyuma yake, akausogeza upande wangu. "Na wewe egemea. Unaonekana umetoka mbali."