Mwaka Tulioikata Ngitili

Mzee mwenye shamba aliniita nyumbani kwake mjini Mwanza wakati mvua za vuli zinaanza, akaniambia nikachague mashine ya kufunga nyasi. Kiangazi kilichokuwa kimeisha kilituulia ng'ombe thelathini na wanane. Nilijua idadi kwa sababu mimi ndiye msimamizi, na kwa sababu tuliwafukia kwa trekta, nyuma ya josho.

"Shimo lile sitaki kuliona tena," alisema. "Tafuta mashine. Wewe si unasoma?"

Ni kweli nasoma. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote, injini, chanjo, hesabu za malisho, nimeyatoa kwenye vitabu vya mtumba na kwenye vijitabu vya mashine ambavyo watu huvitupa pamoja na maboksi yake. Kwa miezi mitatu nilisoma habari za marobota ya nyasi, yale ya mviringo. Nilipima upana wa banda, nikapima uwezo wa trekta yetu, nikapiga hesabu ya kilo ngapi za nyasi kavu ng'ombe mmoja anahitaji kwa siku kuanzia Julai hadi Oktoba. Nilijaza daftari zima.

Shamba letu liko Misungwi, upande wa ndani ukitoka Usagara. Sehemu kubwa ni malisho ya kawaida, lakini mzee alirithi pia ngitili ya baba yake: eneo kubwa linalofungwa mvua zinapoanza, mnyama asiguse, ili nyasi zisimame mpaka kiangazi. Agosti hufunguliwa kipande kwa kipande. Wanaanza ng'ombe wanaonyonyesha na ndama, kisha ng'ombe wazee, mwisho kundi zima. Nyasi za ngitili hazina lishe kubwa. Vitabu vinasema hivyo na ni kweli. Mpango wangu ulikuwa kuzikata Mei zikiwa bado na nguvu, tuzikaushe na kuzifunga.

Mchungaji mkuu alikuwa shambani miaka mingi kuliko mimi. Katika kundi la mzee alikuwa na ng'ombe wake sita. Ndivyo tulivyozoea huku: mchungaji mwaminifu huruhusiwa kuchanganya wake na wa tajiri, wakala pamoja, wakaogeshwa pamoja. Hao sita ndio waliokuwa mali yake yote. Kiangazi kile cha shimo walipona wote, na alipenda kunikumbusha kwamba walipona kwa sababu yeye hulala karibu na zizi na mimi hulala karibu na vitabu.

Mzee aliagiza mimi na mchungaji twende Buhongwa, kwenye yadi ya muuza mashine zilizotumika. Zilikuwepo mbili zinazotufaa. Moja ilikuwa ya rola: chumba chake hakibadiliki ukubwa, kwa hiyo robota huanza likiwa limelegea katikati na kukazwa mwishoni tu. Ya pili ilikuwa ya mikanda: mikanda huzikaba nyasi tangu kiini, robota likatoka zito na gumu kama gogo. Muuzaji alikuwa na sampuli ya kila moja chini ya turubai.

Mchungaji hakuzitazama mashine. Aliyaendea marobota na fimbo yake, akaichoma katika lile la rola. Ikazama mpaka mkononi. Akaichoma katika lile la mikanda, ikagoma baada ya shubiri moja.

"Hili linapumua," alisema. "Hili limenyongwa."

Muuzaji akacheka. "Bosi, huyu mtu wako anachagua nyasi au anachagua godoro?"

"Godoro nalalia mimi," mchungaji akamjibu. "Nyasi anakula asiyeweza kukuambia tumbo linamuuma."

Halafu akaendelea. Alisema mashine nyekundu itawatisha ng'ombe. Alisema harufu ya grisi itaingia kwenye nyasi. Alisema kitu kinachozungushwa sana hupoteza utamu, kama maziwa. Alisema mambo manne siku ile, na matatu yalikuwa upuuzi. Mimi niliyaweka yote manne katika kapu moja.

Nilichagua ya mikanda. Sababu zangu naweza kuzitaja hata leo: robota lililobana humwaga maji ya mvua, hukaa vizuri bandani, na huhitaji safari chache za trekta. Kila sababu ilikuwa sahihi. Kijitabu kilikuwa pia na sentensi moja iliyosema kwamba robota la aina hiyo halisamehe nyasi mbichi, kwamba unyevu ukiingia hauna pa kutokea. Niliipigia mstari. Nilidhani kuipigia mstari ni sawa na kuitii.

Mei ilipokaribia mwisho mchungaji alinijia ofisini, akabaki mlangoni.

"Ngosha," aliniita kwa Kisukuma, mwanamume kwa mwanamume, "theluthi moja ya ngitili iache imesimama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haijawahi kukatwa yote."

"Hiyo si sababu, kaka. Nikiacha theluthi hesabu haifiki Oktoba."

"Hesabu yako imewahi kumwona ng'ombe?"

"Imewahi kuwaona thelathini na wanane."

Nilimpigia simu mzee mbele yake, nikaweka sauti wazi asikie. Mzee alisema, "Msinichoshe. Aliyesoma ndiye aamue." Nikaamua. Tulikata ngitili yote kwa siku sita, kazi ambayo kwa mapanga isingewezekana hata kwa msimu mzima. Sasa naona kwamba hilo ndilo lililotuponza. Ngitili haikuwahi kukatwa yote kwa kuwa hakukuwa na mkono wa kuikata yote.

Unyevu nilikuwa naupima kwa chumvi. Unaweka nyasi kidogo kwenye chupa yenye chumvi kavu, unatikisa; chumvi ikishikamana, nyasi hazijakauka. Nilipima mara tano kwa siku na kuandika. Lakini nilikuwa napima sehemu ya juu, ambako udongo ni wa mchanga. Chini, karibu na kijito kinachoteremka ziwani, ni mbuga nyeusi, udongo mzito unaoshika maji, na nyasi zake zina mashina manene yanayokauka ngozi huku ndani yana maji. Siku ya nne baada ya kukata, wingu zito lilipanda kutoka upande wa ziwa. Chumvi ya juu ilikuwa imefaulu adhuhuri. Niliogopa mvua, nikamwambia dereva ateremke mpaka kijitoni amalize kuzifunga zote.

Mvua haikunyesha.

Wiki ya pili bandani kulikuwa na harufu tamu kama ya tumbaku. Nilichoma nondo katikati ya robota moja, nikasubiri, nikaivuta. Sikuweza kuishika kwa joto. Tuliyatoa marobota nje haraka, tukayatenganisha moja moja uwanjani, tukakesha siku mbili na mapipa ya maji. Mawili yalishika moto. Niliyahesabu mengine kuwa yameokoka, nikaandika hivyo.

Agosti tulianza kuyafungua. Yaliyotoka sehemu ya juu yalikuwa mazuri, ya kijani hafifu, na ng'ombe waliyagombania. Yaliisha katikati ya Septemba. Yaliyobaki yote yalikuwa ya mbugani. La kwanza lilipokatwa wavu uliolifunga, nje lilikuwa kama mengine. Ndani lilikuwa jeusi, limeshikana vipande kama mkate ulioungua, na vumbi jeupe la ukungu likatuingia puani. Ng'ombe walinusa wakaondoka. Mchungaji alipanda ukingo wa josho akatazama upande wa ngitili. Kulikuwa na visiki vya nyasi na udongo.

"Tungekuwa na kipande," alisema.

Nilitafuta nyasi za kununua. Mwaka ule kila mtu alikuwa anatafuta. Njaa ikiwa kubwa ng'ombe hula hata alichokikataa, na walikula. Mitamba wakaharibu mimba. Kisha wakaanza kulala chini.

Ng'ombe aliyelala kwa udhaifu lazima ainuliwe kila asubuhi, la sivyo anakufa kwa kulala tu. Tulikuwa tunapitisha mti chini ya kifua, wawili kila upande, mmoja kwenye mkia. Mchungaji hakuwatanguliza wake. Nilimwona asubuhi kadhaa akimwinua ng'ombe wa mzee huku wake amelala hatua kumi pembeni, macho yamemtoka. Nikamwambia aanze na wake.

"Nikianza na wangu," alisema, "wewe utaandika nini kwenye daftari?"

Siku ile nilishika mti upande wa pili wake. Tulipomfikia wake, shingo ilikuwa tayari imelegea.

Wake wanne walikufa katika wiki tatu. Wa tano alikufa baada ya mvua za kwanza, majani yalipochipua, jambo ambalo hutokea. Tumbo lililozoea ukavu hupigwa na majani mabichi. Mzee alipoteza wengi zaidi, sitaki kuwataja kwa idadi, lakini alibaki na kundi. Mchungaji alibaki na ng'ombe mmoja, jike mwenye pembe moja iliyopinda.

Aliniambia anahamia kwa kaka yake Sengerema. Sikumbembeleza. Nilikwenda naye ofisi ya kijiji kuchukua kibali cha kusafirisha mifugo. Afisa alishika kalamu akasubiri.

"Shikamoo mzee. Ni wangapi?"

"Marahaba. Mmoja."

"Mmoja? Kibali kizima cha ng'ombe mmoja?" Afisa akacheka, akadhani ni utani wa Wasukuma. "Wengine umewaficha wapi?"

"Wengine wako masomoni," mchungaji alisema, na akanionyesha kwa kichwa tu. "Muulize mwalimu wao."

Afisa alicheka tena, akaandika. Mchungaji naye alicheka. Nilisimama pale mpaka muhuri ukapigwa.

Mashine bado tunayo. Sasa nakata nusu ya ngitili, nakagua mbuga kwa mkono wangu, shina kwa shina, na marobota yake hayajawahi kuoza tena. Mzee anawaambia wageni kwamba nilichagua vizuri.

Mchungaji tuliyemwajiri baada ya yule ni kijana mwangalifu, ana ng'ombe watano. Amewaacha kwa mama yake, upande wa pili wa Usagara, na kila Jumapili huenda kuwaona kwa miguu. Nimemwambia mara mbili awalete, wachanganyike na wetu, malisho yapo ya kutosha.

"Tuwaache kwanza, mkubwa," hunijibu kwa heshima.