Asiyebonyeza Kitu

Marehemu mke wangu, Kavindu, alikuwa mtu wa simu. Ukipiga ile hospitali ya misheni karibu na soko la Mbumbuni, sauti ya kwanza ilikuwa yake. Chumba kidogo kando ya famasi, meza moja, swichibodi ya nyaya. Mtu akipiga kutoka mbali, hata Ikutha, yeye humwuliza, "Unataka nani? Na mgonjwa anaendelea aje?" Akishajibiwa, anachomeka waya. Kazi yake ilikuwa hiyo mpaka nywele zikawa nyeupe. Mimi nililima. Sikusoma.

Binti yetu Wavinya aliolewa na Mutisya, kijana wa mitambo ya simu kule mji wa Wote. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Tunaita nthoni. Ni heshima, si ugomvi. Wengi siku hizi wameiacha. Kavindu hakuiacha, hata mchungaji alipomwambia kanisa halidai hivyo. Mutisya akiingia kwetu kwa mlango wa mbele, Kavindu anatokea wa nyuma.

Lakini kwa simu waliongea. "Simu haina uso," alisema. Waliongea kunishinda mimi.

Halafu hospitali ikaletewa laini ya dijitali. Waya mmoja unabeba simu thelathini kwa wakati mmoja. Unaingia kwa kisanduku wanachokiita getwei. Hicho kisanduku ndicho kinaambiwa, simu hii ipeleke wodi ya akina mama, hii maabara, hii kwa daktari. Mwenye kupiga anasikia mashine ikimtajia namba, anabonyeza, anafika. Hapiti kwa Kavindu.

Na aliyetumwa kukipanga kisanduku ni Mutisya.

Alikuja asubuhi na vyombo vyake, akafika mlango wa chumba cha simu, akageuka. Akaketi kwa benchi la wagonjwa. Ndani, Kavindu hakutoka, maana angetoka angekutana naye. Ikafika saa ya chai na hakuna kazi imefanywa. Mimi nilikuwa nimemletea Kavindu uji, nikawakuta hivyo.

Msimamizi, Bwana Kahiga, mtu wa Nyeri, alinivuta kando.

"Mzee Muthama, kwani hawa wamekosana?"

"Hapana. Wanaheshimiana."

"Heshima ya kukaa kwa benchi?"

"Ndiyo hiyo."

Akacheka, akashika kichwa. Mwishowe waya ulivutwa mpaka stoo ya mashuka, upande wa pili wa ukuta. Kisanduku kikawekwa huko, Mutisya akawekwa huko. Kavindu akabaki kwa meza yake. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Wakaongea kwa simu, na mimi nikawa namsikia Mutisya mara mbili.

"Mama, napiga ya wodi ya akina mama. Inalia wapi?"

Kavindu alitega sikio. "Jikoni, Baba Mutanu. Mpishi anauliza kama ni yeye anajifungua."

Mutisya akacheka huko kwa mashuka. Mutanu ni mjukuu wetu. Jina la Mutisya lenyewe Kavindu hakulitaja hata siku moja.

"Ngoja nibadilishe. Sasa?"

"Sasa wodini. Nimesikia mtoto akilia."

Walienda hivyo namba kwa namba. Yeye anapanga, Kavindu anamwambia imelia wapi. Zile za kutoka nje pia, Kitui, Machakos, Nairobi. Nilimtazama mke wangu akisaidia kuimaliza kazi yake mwenyewe. Uji ulipoa.

Zilipokwisha zote, akauliza, "Na meza yangu?"

Upande wa pili nikasikia kiti kikisogezwa.

"Baba Mutanu?"

"Mama, wamesema simu ziende moja kwa moja. Mtu abonyeze."

"Na asiyejua kubonyeza?"

Nilisikia Mutisya akikohoa, kwa simu na kwa mbao.

"Huyo hawakusema."

"Basi kama hawakusema, mlete kwangu."

Nilisikia vidole vya Mutisya kwa kompyuta. Baada ya muda simu ya Kavindu ikalia. Akaishika. Ni Mutisya, anaijaribu. Akaiweka.

Ndivyo alivyobaki. Ukibonyeza, unafika unakotaka. Usipobonyeza kitu, ukingoja mashine imalize maneno yake, unafika kwa Kavindu. Bwana Kahiga alisema, "Watakuwa wangapi hao?" Hakujua watu wetu. Hakumjua Kavindu pia. Kanisani, sokoni, kwa foleni ya maji, aliwaambia wazee, "Msisumbuke na namba. Ngojeni tu." Wakangoja. Simu yake haikunyamaza. Hata madaktari wakipiga walikuwa hawabonyezi, wanangoja.

Alianza kuumwa mwaka wa mvua mbaya. Alienda kazini mpaka miguu ikakataa. Alilazwa hapo hapo, akafia hapo.

Siku ya mazishi watu walipita kumtazama uso. Mutisya hakupita. Alisimama nyuma ya hema, mgongo kwetu, mpaka jeneza likafungwa. Watu wa mbali walinong'ona. Mimi nilielewa. Ndipo akaja kuchukua upande wake kubeba.

Nyumba ikawa kubwa. Wavinya alinitaka niende kwao Wote, nikakataa. Mchana nalima kidogo. Jioni nilikuwa nachukua simu, napiga hospitali. Mashine inasema, nangoja. Halafu inalia kule mezani. Ile milio naijua. Najua dirisha, najua kiti, na sweta lake tuliliacha kwa kiti. Inalia, inalia, inakatika. Nalala.

Mutisya alikuja baada ya mavuno. Aliingia kwa mlango wa mbele, akasimama, akatazama ule wa nyuma. Hakuna aliyetoka. Nikamwambia, "Keti, muthoni," ndivyo tunavyomwita mkwe.

Hakunywa chai.

"Baba, simu za wasiobonyeza bado zinaenda kwa meza ya Mama."

"Nani anazipokea?"

"Hakuna. Bwana Kahiga ameniambia niziondoe. Nimefika kwa kisanduku mara mbili, nikarudi."

"Wanaopiga ni wengi?"

"Wengi. Wanangoja sana, Baba. Wanangoja mpaka inakatika, wanapiga tena."

Nilidhani ni mimi peke yangu. Nikafikiria mtu wa Ikutha, mkewe chini kwa mkeka, simu kwa sikio. Hatabonyeza. Kavindu alimwambia asibonyeze.

"Zipeleke kwa mtu," nikasema.

"Kuna Sandra, pale kasualti, kwa wagonjwa wa dharura. Yeye hukaa na simu."

"Anauliza mgonjwa anaendelea aje?"

"Anauliza."

"Basi zipeleke."

Tuliangalia moto, sisi wawili. Halafu akatoka, kwa mlango wa nyuma.

Siku iliyofuata, jioni, nilipiga. Mashine ikataja namba zake zote. Sikubonyeza. Nikangoja kama siku zote. Ililia mara moja tu.

"Kasualti, habari ya jioni? Mgonjwa anaendelea aje?"

Msichana. Sauti changa.

"Baba? Mama? Nakusikia unapumua. Sema pole pole, mimi niko."

"Hakuna mgonjwa," nikamwambia. "Nilitaka kujua kama inapokewa."

"Inapokewa, mzee."

"Asante."

Nikaiweka simu kwa meza. Sijapiga tena.