Siku Niliposhuka Kwenye Pikipiki

"Ukianguka, utaangukia upande gani?"

Dada yangu aliniuliza hivyo asubuhi ya kwanza, nikiwa nimekalia pikipiki yake iliyozimwa. Nilikuwa na shahada, nilijua kubishana na wahadhiri, lakini swali hilo lilinitisha kwa sababu lilichukulia kwamba nitaanguka.

Nilikuwa nimetafuta kazi tangu mimi na dada turudi Juba kutoka ukimbizini Kenya. Shirika dogo la kugawa mbegu ndilo pekee lililonijibu, nalo lilinichukua kwa majaribio, kwa sharti moja: mwishoni niendeshe pikipiki mwenyewe hadi shamba la mfano nje ya Juba, mkuu wa shirika akinifuata kwa gari. Nikishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Tulifanyia mazoezi mtaa wa Munuki, kwenye uwanja wa vumbi karibu na steji ya bodaboda.

"Ya bit, wewe msichana, hiyo si ng'ombe!" mwendeshaji mmoja alinipigia kelele. "Acha kuivuta pembe!"

"Mwacheni msomi," dada akajibu. "Anaisoma kwanza."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimekamata usukani mpaka vidole vimekufa ganzi. Nilitia gia, pikipiki ikaruka, nikaanguka kulia, na ekzosi ikaniunguza mguu.

"Kushoto," dada alisema huku akinimwagia maji. "Moto uko kulia. Sasa unajua."

Nilijua, na woga ukazidi. Nilianza kuota ile harufu ya ngozi iliyoungua.

Wiki hizo mkufunzi alikuja ofisini kutupa semina ya kujiendeleza. Alitusimamisha turudie baada yake: "Woga ni adui wa maendeleo!" Nikainua mkono.

"Mwalimu, nani aliupima? Tuliokimbia mji huu kwa woga ndio tuliokaa hapa tukikusikiliza."

Watu wakacheka chini chini. "Dada yangu, hayo ni mawazo hasi," akasema. Mkuu wetu, mtu wa maneno machache, alikuwa akitazama viatu vyake.

Siku ya mtihani ilifika baada ya mvua. Nilipita barabara ya lami nikiomba, nikaingia ya udongo polepole, na mahali fulani nikaanza hata kujisifu. Kisha nikafika kwenye khor. Kiangazi ni mfereji mkavu ambao mbuzi huuvuka. Siku hiyo ulijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda kasi kimya kimya.

Nyuma yangu gari la mkuu likasimama. Nilingoja apige honi. Hakupiga. Nikawaza nafasi yangu, nikamwaza dada na asubuhi zote zile uwanjani. Mtu jasiri angepita, nikajiambia. Mimi nilizima injini, nikashuka, nikaokota fimbo ndefu nikaichomeka majini. Ilizama yote na sikugusa chini.

Nilikwenda dirishani kwake nikilia.

"Siwezi, mzee. Naogopa."

"Unaogopa nini hasa?"

"Sijui chini kuna nini."

Alitazama yale maji. "Geuza pikipiki," akasema. "Turudi."

Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia dada. Lakini Jumatatu nilikuta nimepangiwa vijiji vyangu vya kugawia mbegu. Nikamfuata mkuu kumuuliza kwa nini, maana sikufika hata kwenye lile shamba.

"Wewe maswali hayakuishii?" akasema. "Nenda kazini."

Nilidhani amenihurumia, na jambo hilo liliniuma. Kwa miezi mingi nilifanya kazi kama mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma, nikiogopa kwamba siku moja atakumbuka na kunitoa. Sikumwambia mtu.

Muda mrefu baadaye dereva wa mkuu ndiye aliyenieleza kwamba aliyekuwa na kazi yangu kabla yangu alifika kwenye khor ile ile imejaa, akampigia mkuu simu kuomba arudi, na mkuu akamwambia asiwe mwoga, apite, wakamzika kwenye makaburi ya Kator.