Namba Iliyopigwa Msasa

Anko wangu, mdogo wake baba, alipiga msasa bunduki yenye umri wa miaka sabini kwa sababu mgeni alikuwa anakuja. Wamarekani nikiwaeleza hivyo hudhani nimeruka sehemu ya hadithi. Wakenya hawaulizi. Kwetu mgeni wa maana akitarajiwa, hata ukuta ambao hatauona hupakwa rangi.

Bunduki ilikuwa ya Kiingereza, ya Vita vya Pili vya Dunia, aina waliyopewa wadunguaji, na darubini yake ilikaa peke yake ndani ya kopo la bati. Anko aliinunua kwa mjane aliyekuwa jirani yake huko Coon Rapids, kitongoji cha Minneapolis anakoishi. Babu yangu hakuwa mdunguaji. Aliendesha lori la jeshi la Waingereza huko Burma. Lakini jumba dogo la makumbusho ya wanajeshi lilikuwa limekubali kutundika picha yake pamoja na bunduki hiyo, mradi mjuzi wa silaha za kale athibitishe kwa maandishi kwamba bunduki na darubini vilitoka kiwandani pamoja. Hakukuwa na uso mweusi hata mmoja kwenye kuta zile. Anko alitaka wa kwanza uwe wa baba yake, na alishawapigia simu ndugu wote Kenya.

Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya historia, kwa hiyo akaniomba niichunguze kabla ya mjuzi kuja. Nilipanda basi kutoka Minneapolis Jumamosi tatu mfululizo. Nilijifunza kwamba matapeli huchukua bunduki ya kawaida, wakaitoboa matundu na kuifunga darubini ya kuokoteza. Nilijifunza pia kwamba kwenye bunduki halali, namba ya darubini hugongwa juu ya mbao, pale kitako kinapokuwa chembamba kama shingo, nyuma ya kifyatuo. Ya anko ilikuwa na namba hapo, hafifu, imejaa uchafu mweusi.

“Si hiyo hapo?” alisema.

“Namba mtu yeyote anaweza kuigonga, anko.”

“Na uchafu je, nao ameugonga?”

“Uchafu ndio rahisi zaidi. Mafuta ya gari na kahawa.”

“Mama yako aliniambia ulipozaliwa ulimdai mkunga kitambulisho.”

Nilicheka, lakini sikulegea. Nilikuwa nimeshaamua kuwa ni bandia, na mtu aliyeamua haangalii tena. Nilipiga picha skrubu, mikwaruzo, kila kilichonitia shaka. Namba sikuipiga picha. Kopo la darubini sikulifungua hata mara moja. Nilipoondoka Jumamosi ya tatu nilimwambia: “Mbao hii inaonekana imechafuliwa kwa makusudi.”

Hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoibeba.

Mjuzi alikuwa mzee wa Kizungu kutoka Saint Paul, mtaratibu, mwenye miwani miwili. Anko alipofungua sanduku la bunduki, nilinusa vanishi kabla sijaona kitu. Kitako kiling'aa kama meza ya mchungaji. Palipokuwa na namba palikuwa laini kabisa.

“Nani amefanya hivi?” mzee aliuliza.

“Mimi,” anko akasema, akitabasamu bado. “Kijana alisema uchafu unaleta mashaka.”

Mzee hakunitazama. Alifungua kopo, akaisoma kwa sauti namba ya darubini, kisha akalinganisha kishikio chake, chuma kinachoifunga juu ya bunduki, na bunduki yenyewe. “Bunduki ni ya kweli,” alisema. “Kishikio ni chake. Lakini darubini hubadilishwa, na ushahidi ulikuwa kwenye mbao.” Ndipo akanigeukia. “Wewe uliiona. Ilikuwa namba hii? Ukisema ndiyo, nitakuandika kama shahidi.”

Nilifumba macho. Namba ilinijia upesi, yote, safi mno. Ilikuwa ndiyo hiyo aliyoisoma dakika moja iliyopita.

“Sema basi,” anko akaniambia kwa Kiswahili. “Umeitazama Jumamosi tatu.”

“Naikumbuka, anko. Ila sijui kama naikumbuka kutoka kwenye mbao au kutoka mdomoni mwake.”

“Tofauti iko wapi?”

“Hiyo ndiyo tofauti yenyewe.”

“Bunduki nzima umeambiwa ni ya kweli na bado unabisha. Unambishia nani sasa?”

Nilikuwa nimekosea kuhusu kila kitu, na kitu kimoja nilichotakiwa kukiamini, macho yangu mwenyewe, sikuwa nimeyatumia. Nilimwambia mzee kwa Kiingereza kwamba siwezi kuthibitisha. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba nimesema jambo la busara, na hilo liliniudhi kuliko matusi. Akaandika barua: bunduki halali, darubini haikuthibitika.

Anko aliisoma mara mbili akaikunja. Akamkaribisha mzee mezani, akammiminia chai, akamwuliza habari za wajukuu. Kikombe changu alikiacha kitupu, birika likiwa karibu na mkono wake, na nilipolinyooshea mkono alilisogeza upande wa pili.