Mgeni wa Upande wa Kushoto

Fundi viatu wa kona yetu tulimwita Bosi Nusu, maana kitambi chake kilikuwa upande mmoja tu, wa kushoto, chini ya mbavu. Kwingine kote alikuwa mkavu kama soli. Nilipenda kukaa naye. Mtu wa umri wangu akitoka nyumbani lazima awe na pa kufikia. Wateja walimtania, "Bosi, huo utajiri mbona umehamia upande mmoja?" Naye hujibu, "Upande wa pili bado haujapata habari," huku akivuta uzi wake wenye nta. Ila niliona jambo moja. Mafundi wengine hukibana kiatu tumboni wanapokitoboa kwa msharasi, ile sindano nene yenye mpini. Yeye alikibana kwenye mapaja, na upande ule haukuguswa na kitu.

Sababu niliijua baadaye sana, tukiwa kwenye benchi la hospitali. Kwao uvimbe ule waliuita mgeni. Mama yake alikuwa nao. Kaka yake pia, mpaka mpini wa mkokoteni ulipomgonga hapo, akafa siku ile ile, watu wakasema ni husuda. Na mgeni hatajwi nje, hasa mbele ya wakwe. Nani atakuja kuoa kwenye nyumba ya matumbo?

Sasa binti yake, mshonaji, ameolewa, ana mtoto anayenyonya, akaanza kulalamika kwamba hawezi kuinamia cherehani. Baba yake na mama mkwe wake wakampeleka hospitali, akapigwa picha ya tumbo. Daktari, mama mmoja mpole, akawaambia kuna mfuko wa maji kwenye bandama.

"Kama umeletwa na minyoo ya wanyama, tutaanza na vidonge, tusubiri. Lakini ziko familia chache sana ambazo mfuko huu ni wa kurithi. Hapo vidonge havifui dafu, inabidi tumpasue. Baba, kwenu yupo mwenye uvimbe kama huu?"

Binti akamtazama baba yake. Baba akatazama viatu vya mama mkwe.

"Hayupo, daktari. Sisi wazima kama chuma."

Basi, wakapewa vidonge.

Binti akavimeza, na maumivu yakazidi. Asubuhi moja alikuwa anaivuta meza ya cherehani aifagie chini yake, kona ikamchoma ubavuni. Akakaa sakafuni polepole, midomo ikamkauka, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. Habari ilipofika kwenye kona, Bosi Nusu aliacha kiatu cha watu kikiwa wazi, tukakimbia. Mimi kukimbia kwangu mnakujua.

Tulikuta kitanda kinasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Fundi akamshika daktari mkono, akapandisha shati lake palepale koridoni, mbele ya mama mkwe na wote waliokuwa kwenye foleni.

"Daktari, mimi ninao! Mama alikuwa nao. Kaka yangu, uvimbe huu ndio uliomuua. Niliona aibu, daktari, niliona aibu!"

Daktari akabonyeza kidogo chini ya mbavu zake, akauondoa mkono.

"Mzee wangu, ungeniambia siku ile, ningempasua wiki ile ile. Sasa mfuko umepasukia ndani, damu inavuja."

Akaingia. Mlango ukafungwa.

Tukakaa kwenye benchi, naye akanieleza yote, kwa sauti ya mtu anayeongea na magoti yake. Mama mkwe alisikia kila neno na hakumtukana. Ningependa angemtukana. Alimshusha mjukuu mgongoni, akamlaza katikati yetu, akamfungua nguo.

"Na huyu?"

Akamgusa mtoto ubavuni, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Mtoto akacheka, akadhani anatekenywa.

"Mkwe, mimi sijui uvimbe huo ukiguswa unakuwaje," alisema. "Njoo wewe. Wewe ndiye unayeujua."

Fundi akatazama vidole vyake, vyeusi kwa rangi ya viatu. Akavifuta kwenye suruali, akavifuta tena. Akapiga magoti mbele ya benchi, akanyoosha mkono, nao ukabaki hewani juu ya kile kitumbo, hauendi mbele wala haurudi. Kule mlangoni bado hakuwa ametoka mtu.